Kikohozi cha Jihyang

Saa tisa usiku kigogo kinalia, ko, ko, ko,
na milima ya Gangwon imezama thelujini hadi kiunoni.
Tunaamka ishirini na wawili, hakuna anayeuliza umeamkaje.
Maji ya kunawia yameota ngozi ya barafu;
nayapasua kwa kiwiko,
kama mwizi mwenye haya anayevunja kioo.

Siku tisini nimejifungia hapa kwa hiari yangu,
kwa nauli ya cherehani niliyouza, na kabati.
Nyumbani waliniuliza: unakwenda kusoma? Kibarua?
Nikasema: nakwenda kukaa.
Wakacheka. Kwani hapa hapakaliki? Kiti tutakupa.

Mwalimu ametupa swali moja, maneno mawili:
Nini hiki?
Hataki jibu. Ukimpelekea jibu hulirudisha
kama muuza duka aliyeshikishwa noti bandia.
Basi natazamana na ukuta, nauliza nini hiki,
na anayejibu ni goti.
Goti la kushoto, siku kumi na moja mfululizo.

Tunakula kwa bakuli nne zinazoingiana tumboni:
wali, mchuzi wa maharage,
kabichi ya pilipili iliyolala mtungini tangu Novemba,
na mwisho kipande cha figili ya njano,
ukisugulie bakuli, halafu ukile,
halafu unywe yale maji uliyosuuzia.
Mama Okbun wa jikoni hupita akikagua.
Punje moja ikibaki hakaripii.
Anaitazama tu, ile punje,
mpaka unatamani kuiomba radhi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema mshindo wenyewe utakuwa kikohozi.

Jihyang, mtawa wa kulia kwangu, anakohoa.
Si kikohozi cha kuanza kikaisha. Ni kidogo, kikavu,
kama mtu abishaye mlango
huku akiomba usifunguliwe.
Nilikihesabu. Naam, nilivuka bahari mbili
kuja kuhesabu kikohozi cha mtu:
sitini na nne kabla ya uji,
mia na tisa siku upepo ulipogeuka.
Usiku nililala nikimtungia hotuba
kwa lugha asiyoijua,
hotuba nzuri sana, yenye aya.

Siku ya hamsini na mbili mto wake ulikuwa mtupu.
Gari lilikuwa limeacha michirizi miwili thelujini
kuteremkia mjini.

Nikasema moyoni: sasa.
Sasa ndipo nitakaa.
Kimya kikaja chote, kikubwa, bila tundu,
kikanitandika kama kimia,
nami ndani yake nikatega sikio.
Nilisikia theluji ikiporomoka paani.
Nilisikia ndege wakigombea tunda la mwisho mtini,
lile Mama Okbun alilowaachia makusudi.
Nilichokuwa nakisikiliza sikukisikia.
Nini hiki?
Kwa mara ya kwanza swali liliuma
mahali pasipo goti.

Alirudi siku ya themanini, shingo imekonda,
mfuko wa dawa mkononi. Akakaa. Hakukohoa.
Mapumzikoni alimenya chenza,
akanisogezea nusu sakafuni, kwa kidole kimoja,
macho yake ukutani.

Asubuhi ya mwisho, ruhusa ya kusema ilipotoka,
tulisimama uani kama watu waliosahau walichojia.
Jihyang akanifuata. Hana lugha yangu, sina yake.
Akanionyesha tumbo langu,
akafanya radi kwa mdomo, grrum, grrrum,
akaonyesha mashariki: kila alfajiri!
Aibu ikanipanda hadi masikioni.
Kumbe na yeye alikuwa akihesabu.

Kisha akalaza shavu kiganjani: hospitali, kitanda.
Akatega sikio upande wa kushoto,
upande usio na mtu,
akangoja,
akatikisa kichwa.

Sikujua nimwambie nini.
Jikoni Mama Okbun aligonga sufuria, uji tayari,
na tumbo langu, lisilo na adabu,
likamjibu.